Malkia Wawili wa Schiller

Leo twataka kuzungumza juu ya mchezo wa Kijerumani uitwao Maria Stuart. Mtungaji wake ni Friedrich Schiller, nao ulichezwa mara ya kwanza mjini Weimar mwaka 1800. Walakini mambo yake ni ya Uingereza: Mary, malkia wa Scotland, alifungwa na jamaa yake Malkia Elizabeth, hata akakatwa kichwa mwaka 1587.

Joseph Mellish aliufasiri kwa Kiingereza mwaka 1801. Wahakiki wamekuwa na neno moja la kuuliza: katika mchezo malkia hao wanakutana, hali katika historia hawakuonana kamwe. Je, si uongo huo? Sisi hatuoni hivyo. Mary apiga magoti kuomba, Elizabeth amdhihaki, naye Mary ashindwa kujizuia, amwita mwana wa haramu. Kwa neno hilo amejifungia mlango wa msamaha. Uondoe mkutano huo, mchezo wabaki mifupa mitupu.

Mwaka 2016, mjini London, Robert Icke aliutengeneza upya. Juliet Stevenson na Lia Williams walijifunza sehemu zote mbili, na kila usiku sarafu ilirushwa mbele ya watu kuamua nani atawale, nani afe. Aliyeangukiwa na kiti cha enzi aliangukiwa pia na hati ya kifo. Elizabeth aitia sahihi, ampa mwandishi wake Davison bila kumwambia waziwazi aifanyeje. Na Mary akiisha kuuawa, Davison ndiye apelekwaye gerezani.