Chemba za Ujerumani na Mafunzo ya Wanagenzi

Nchini Ujerumani, kazi ya kuziunganisha shule na waajiri hufanywa hasa na chemba za biashara na viwanda, pamoja na chemba za mafundi. Kisheria, karibu kila kampuni ni lazima iwe mwanachama wa chemba ya eneo lake. Msingi wa mafunzo yenyewe ni Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 1969.

Kijana husaini mkataba na kampuni, nayo chemba huusajili. Kwa kawaida huwa kazini siku tatu au nne kwa wiki, na siku zilizobaki huketi darasani katika shule ya ufundi. Mafunzo huchukua miaka miwili hadi mitatu na nusu, katika fani zaidi ya 300, zikiwemo umeme, benki na uokaji mikate. Mwanagenzi hulipwa posho inayopanda kila mwaka, na hiyo ni haki yake, maana naye anazalisha.

Nguvu halisi ya chemba iko kwenye usimamizi. Washauri wake huangalia kama karakana ina vifaa na kama mkufunzi ana sifa za kufundisha; kampuni isiyofaa yaweza kuzuiwa kuchukua wanagenzi. Mtihani wa mwisho nao hauachwi mikononi mwa mwajiri peke yake: katika jopo la watahini wamo wawakilishi wa waajiri, wa wafanyakazi na walimu wa shule za ufundi. Ndiyo maana cheti kilichopatikana Hamburg huaminiwa hata na mwajiri wa Munich asiyemjua kijana huyo.