Ajira Kwanza, Darasa Baadaye

Januari 1990 kampuni ya Levi Strauss ilitangaza kufunga kiwanda chake kimoja huko San Antonio, Texas. Zaidi ya wafanyakazi 1,000, wengi wao wanawake wenye asili ya Mexico, walipoteza kazi. Ushonaji wa suruali waliokuwa wakiufanya ukahamishiwa Costa Rica.

Kozi za serikali zilikuwepo, ila watu walishazipitia. Katika vikao vya parokiani na sebuleni, jumuiya za COPS na Metro Alliance, zilizosimama juu ya makanisa ya mitaani, zilisikia kilio kilekile: nimesoma, cheti ninacho, kazi hakuna. (Nani kwetu hajakisikia?)

Ndipo wakaupindua utaratibu. Kabla ya kutafuta wanafunzi waliwaendea waajiri na kuwabana: mtahitaji watu gani, wangapi, na mtawalipa nini? Wakaondoka na ahadi za nafasi zipatazo 650. Gavana Ann Richards akawasaidia kupata fedha za jimbo, na mwaka 1993 Project QUEST ikaanza kupeleka watu katika vyuo vya hapohapo mjini.

Ugumu wa masomo haukuwa kikwazo pekee. Palikuwa na nauli, vitabu, mtoto asiye na wa kumwangalia, na hesabu zilizosahaulika tangu shuleni. Mradi ulibeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Kwangu mimi, hata hivyo, chenye uzito zaidi ni kikao cha kila wiki, cha lazima, baina ya wanafunzi na mshauri wao. Aliyeanza kuyumba alijulikana kabla hajatoweka.

Mavuno yalichelewa. Watafiti Mark Elliott na Anne Roder waliwafuatilia waombaji 410 wa fani za afya, waliogawanywa kwa kura. Mwaka wa kwanza waliopata nafasi walikuwa na kipato kidogo kuliko waliokosa, maana walikuwa darasani. Kufikia mwaka wa tisa waliwazidi kwa zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka. Mfadhili anayedai matokeo baada ya miezi 12 angeufunga mradi huu mapema, tena kwa takwimu sahihi mkononi.

Wala haukumfaa kila mtu. Sharti la kuingia lilikuwa cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Fundi cherehani aliyeacha shule mapema ili aingie kiwandani alitakiwa akitafute kwanza, ndipo aombe nafasi.