Nganda, siku ya mushahara, na jina la mwanamuke

Siku ya mushahara haiombi kalenda. Munaijua kwa masikio na kwa pua: muziki inapandishwa mapema, viti vya plastiki vinatolewa mpaka pembeni ya barabara, moshi wa michopo unaingia hata nyumba za jirani. Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, ni vile vile. Baba anasema: "Ninakuja sasa hivi." Chakula yake inafunikwa na sahani mpaka asubui.

Tukisikia neno "nganda," wengi wetu tunafunga mazungumuzo. Tusidanganye vijana, maana wanajua. Bia peke yake mutu anaweza kuinywa nyumbani. Nganda inauzisha kitu kingine: kuonekana. Mwanaume anayeamuriwa siku muzima ndani ya mugodi, pale anaitwa "patroni." Tena kule watu wanapata habari ya kazi, wanachanga feza ya kilio. Hayo yote ni kweli.

Lakini muangalie namna biashara yenyewe inatembea. Mwenye nganda anajua kama meza ya wanaume peke yao inainuka mapema. Meza yenye musichana inakawia. Basi musichana wa kupeleka chupa anaitwa akae kidogo. Mushahara wake ni mudogo, mara nyingine ni paka kile kinabakia mezani. Kila chupa anayopewa inaongeza feza ya mwenye nganda, na inaandika deni ndani ya kichwa cha mwanaume anayelipa. Hakuna mutu anataja bei. Njo pale hatari inakaa: mwanaume anahesabu, musichana hahesabu, na kufika saa tano ya usiku kila mumoja ana hesabu yake. Hayo yanaitwa "kujifurahisha tu." Wewe kijana, sikia vizuri: aliyelipa bia amelipa bia, basi. Na wewe binti, kukubali kinywaji si kukubali mwili, hata meza yote ikikucheka.

Desturi hii iko na historia. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na kwa miaka ya kwanza ilitafuta wanaume wasio na jamaa, kutoka mbali, kwa mikataba mifupi. Karibu na mwaka 1928 ikageuza mupango: mukataba wa miaka 3, bibi aletwe, watoto wazaliwe kampi, posho ihesabiwe kwa jamaa yote. Haikuwa huruma peke yake. Mwanaume mwenye bibi anakaa kazini.

Toka pale mwanamuke wa kampi alikuwa na jina: bibi ya fulani. Na yule mujane, yule aliyeachwa, yule muuzaji wa pombe? Alikaa site, na serikali ya Wabeleji ikamutoza kodi kwa sababu anaishi peke yake. Ikamwita "femme libre." Wanaume waliokwenda kugonga mulango wake hawakutozwa kitu juu ya ile. Kule Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, wanawake Waswahili wa mutaa wa Buyenzi walipinga kodi ile katika miaka ya 1950. Wajane wenye heshima walikataa kuandikwa kwa jina ambalo kwao lilikuwa sawa na malaya.

Kodi ilikwisha, jina likabaki. Mwanaume akiwa na wa pembeni, tunasema ana "deuxième bureau," na tunacheka. Mwanamuke yule yule tunamuita ndumba, na kicheko kinakwisha.

Kisha Gécamines ikaanguka. Mugodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mishahara ikakosa miezi na miezi, mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka kwa "départ volontaire." Mama wakaingia katika kuuzisha. Binti wengine wakaanza kutumika kwenye nganda, na kuko nyumba ambamo hakuna aliyeuliza unga umetoka wapi. Waliuliza siku mimba ilionekana. Halafu wakaja wachimbaji wa mukono, wakrezeri. Feza yao haingojei mwisho wa mwezi: inapatikana leo, mukononi. Kwa hiyo nganda zinawafuata mpaka kando ya mashimo.

Pale kunaonekana hata watoto. Sheria ya mwaka 2006 inahesabu kuwa ubakaji kulala na mutoto ambaye hajafika miaka 18, hata kama watu wanasema "alikubali mwenyewe."

Baba, mama, kama binti yenu mukubwa anatumika kwenye nganda, musianze na matusi. Muulizeni maneno ambayo mungeuliza juu ya kazi yoyote: bosi anakulipa ngapi kwa mwezi? Unaweza kukataa kukaa mezani bila kufukuzwa? Na usiku, nani anakusindikiza kurudia nyumbani?