Likizo Nyumbani na Kinga ya Malaria Iliyokwisha

Mtoto anapokwenda kusoma ng'ambo, familia huhangaikia magonjwa ya huko aendako. Lakini kwa kijana aliyekulia Geita, Mtwara au Kisumu, hatari ya malaria huwa kubwa zaidi siku anaporudi likizo, na ni wachache wanaojiandaa kwa hilo.

Anayeishi penye malaria nyingi huambukizwa mara kwa mara tangu utotoni. Kila maambukizi huufundisha mwili kuvitambua vimelea na kuvizuia visizaliane kupita kiasi. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kuwa navyo katika damu na asihisi lolote, au apate homa nyepesi tu. Kinga hiyo si kama ya surua, ambayo ukiugua mara moja kwa kawaida umekingwa maisha yote. Ya malaria huhitaji kuchochewa na maambukizi mapya, la sivyo hufifia.

Katika nchi nyingi za masomoni hakuna cha kuichochea. Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Algeria kuwa haina malaria mwaka 2019, na China mwaka 2021. Uingereza nako wanaougua karibu wote wameutoa ugonjwa safarini. Kasi ya kufifia hutofautiana kati ya mtu na mtu, lakini aliyekaa huko mwaka mmoja au miwili asijihesabu tena kuwa amekingwa. Aliyekulia Nairobi au Unguja, ambako malaria ni haba, pengine hakuwahi kuwa na kinga hiyo.

Mwaka 2023 Uingereza iligundua wagonjwa wa malaria wapatao 2,000. Miongoni mwa wale ambao sababu ya safari yao ilijulikana, wengi walikuwa wamekwenda kuwatembelea ndugu na jamaa, hasa Afrika, na wengi hawakutumia dawa ya kuzuia malaria. Sababu yake tunaijua: nyumbani hakuogopwi. Kijana huwaona binamu zake wakiumwa na mbu na kuamka wazima, akaona aibu kumeza vidonge kama mtalii. Hasa hapo ndipo anapokosea, kwa kuwa mwili wake sasa umekaribiana na wa huyo mtalii kuliko wa binamu zake.

Maandalizi yaanze wiki nne hadi sita kabla ya safari, kwa daktari wa chuo au kliniki ya wasafiri. Huko atachaguliwa dawa inayomfaa. Doksisiklini humezwa kila siku na huendelea wiki nne baada ya kuondoka penye malaria. Atovakwoni-proguanili nayo ni ya kila siku, ila huendelea kwa siku saba tu. Tofauti hiyo ina maana yake. Vimelea hukaa kwanza kwenye ini, kisha huingia katika damu. Doksisiklini huviua zaidi vikiwa katika damu, hivyo lazima ivisubiri vitoke. Ile nyingine huviwahi kwenye ini. Anayeacha vidonge mara tu ndege inapotua ng'ambo anaviachia vimelea nafasi. Chandarua chenye dawa kibaki palepale, kwa sababu mbu wa malaria huuma zaidi usiku.

Homa ya malaria kali zaidi, ambayo ndiyo ya kawaida kwetu, huanza takriban wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, na mara nyingi kabla ya miezi mitatu kupita. Wakati huo mwanafunzi amesharudi bwenini, kila mtu ana mafua, na daktari wa huko huenda hajawahi kuona malaria. Asisubiri kuulizwa. Aseme wazi, "Nimetoka Tanzania wiki tatu zilizopita, naomba nipimwe malaria leo." Kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu na homa ikaendelea, kirudiwe. Dawa ya mseto iliyofichwa begini isichukue nafasi ya kipimo, kwani malaria ya asiye na kinga inaweza kuathiri ubongo au figo ndani ya siku moja au mbili.

Mzazi unayemsubiri mwanao Desemba, mpigie simu mapema umuulize kama amemwona daktari. Mtandikie kitanda chenye chandarua, na usimcheke anapomeza vidonge vyake. Akisharudi chuoni, mkumbushe azimalize dawa zote.