Tulishindwa, walishindwa: sarufi ya mechi iliyoamuliwa kwa alama moja

Kifaransa humwambia mshabiki kwamba timu yake imepoteza mechi, kwa kitenzi kilekile anachotumia akipoteza ufunguo wa nyumba. Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo. Kiswahili kina njia nyingine. Kina kitenzi kushinda, na anayetaka kusema kinyume chake hukitia katika kauli ya kutendwa: kushindwa. Mofimu hiyo -w- inatangaza kwamba kuna mwingine aliyetenda jambo, hata kama hatajwi. Ni kweli kwamba tunasikia pia «timu imepoteza mechi», hasa kwa sisi tuliosoma kwa Kifaransa, lakini maana hiyo tumeiazima, na mzee asiyepita shuleni anaweza kukuuliza mechi hiyo ilipotelea wapi.

Katika makala haya ninaeleza jinsi jambo hilo dogo, pamoja na viambishi vingine vichache, linavyofanya kazi pale mashabiki wanapobishana juu ya timu iliyoshindwa kwa tofauti ndogo kabisa. Mfano wangu ni mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, na hasa timu ya Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington. Wasomaji wa jarida letu wataelewa upesi kwa nini nimeichagua. Ndiko alikofika Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, mwaka 1987, akiwa na nia ya kusomea udaktari. Na ndiko alikopata shahada mwaka 1991, katika isimu na diplomasia. Watu wengi wanamkumbuka kwa mita zake 2.18 na kwa kidole alichokuwa akikitikisa baada ya kuzuia mpira. Sisi wa kitivo cha lugha tuna haki ya kumkumbuka pia kama mtu wa fani yetu. Hata hivyo, mechi ninayoichambua hapa ilichezwa miaka mitano kabla hajafika pale.

Ilikuwa fainali ya tarehe 29 Machi 1982, mjini New Orleans, mbele ya watazamaji zaidi ya 61,000. North Carolina walipata alama 63, Georgetown 62. Georgetown walikuwa mbele kwa alama moja mechi ilipokuwa karibu kwisha. Zikiwa zimebaki sekunde 15 hivi, Michael Jordan, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alitupa mpira kutoka upande wa kushoto, nao ukaingia. Georgetown bado walikuwa na muda wa kutosha kushambulia mara moja. Fred Brown aliupeleka mpira mbele, akamwona mtu pembeni yake, akampa pasi akidhani ni mwenzake. Mtu yule alikuwa James Worthy wa North Carolina. Worthy alikimbia nao, akachezewa vibaya, akakosa mitupo yake yote miwili ya adhabu. Eric «Sleepy» Floyd wa Georgetown akajaribu mtupo wa mbali, ukawa mfupi. Basi.

Sasa tuulize swali la mwanaisimu: katika sentensi inayosimulia mechi hii, nani awe kiima?

Anayesema «Jordan aliwashinda Georgetown» ametoa jibu moja. Anayesema «Georgetown walishindwa na North Carolina» ameweka mtenda nyuma, baada ya na. Lakini mshabiki aliyeumia mara nyingi hamtaji mtenda kabisa. Husema «tulishindwa kwa alama moja», na pale ambapo sarufi inangojea jina la mpinzani anaweka kiasi. Kirai kwa alama moja kimechukua kiti cha North Carolina. Mwingine anatumia kiambishi cha kujirejea: «Georgetown walijimaliza wenyewe.» Hapo mtenda na mtendwa ni mmoja, na mpinzani ametolewa nje ya uwanja.

Pasi ya Brown inaonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Tunaweza kusema «Brown alimpa Worthy mpira», au «Worthy alimnyang'anya Brown mpira», au «mpira ulimfikia Worthy». Sentensi ya pili si kweli, kwa sababu Worthy hakunyang'anya kitu; alikuwa amesimama mahali ambapo kwa kawaida mlinzi hasimami, na ndiyo maana Brown alidanganyika. Ya kwanza ni kweli, lakini kitenzi kupa hubeba nia: kwa kawaida anayetoa anajua anampa nani. Ya tatu haimlaumu mtu yeyote, ila ndiyo iliyo mbali zaidi na yale macho yaliyoyaona. Kiswahili cha Lubumbashi kina chombo kikali zaidi, ile njo yetu inayotokana na ndiyo: «Brown njo alibapatia mpira.» Muundo huo haumweki Brown kuwa kiima tu, unawafuta wengine wote. Ni Brown, si mwingine. Na Brown alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana asiyelipwa mshahara wa uchezaji. Kocha wake, John Thompson, alimkumbatia pale pale uwanjani mbele ya kamera, akijua, nadhani, ni sentensi gani zitafuata.

Nafsi nayo ina kazi yake. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na timu zao za kandanda ya Kimarekani. Katika sehemu moja waliwapigia simu wanafunzi na kuwauliza matokeo ya mechi za chuo chao. Waliosimulia ushindi walisema «sisi» mara nyingi zaidi kuliko waliosimulia kushindwa. Timu ikishinda, «tumeshinda», ikishindwa, «wameshindwa». Tukilitazama jambo hili kwa jicho la lugha za Kibantu, tunaona kwamba kwetu ni vigumu zaidi kulikwepa. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hakisimami bila kiambishi cha kiima, kwa hiyo karibu kila kitenzi kinamlazimisha msemaji achague tu- au wa-, na kwa Lubumbashi tu- au ba-: «shiye tulishinda», «beye balishindwa». Mtu anayetaka kujificha hukimbilia kitenzi-jina: «kushindwa namna hii kunauma.» Kunamuuma nani? Hasemi.

Lakini tofauti ikiwa alama moja, uchaguzi huo hauwi safi hivyo. Mshabiki hawezi kuikana timu iliyocheza sawasawa na mabingwa kwa karibu dakika 40. Basi nafsi hubadilika katikati ya sentensi, kama hivi: «Tuliongoza, tukawabana, halafu akatoa pasi ile.» Nafsi ya kwanza wingi imefika hadi kwenye koma ya mwisho, ikamwacha Brown aendelee peke yake.

Sasa niingie katika hali ya masharti, ambako mabishano ya mashabiki hukaa muda mrefu zaidi. Vitabu vyetu vya sarufi hutofautisha -nge- na -ngali-: ya kwanza kwa jambo ambalo bado linaweza kutokea, ya pili kwa jambo ambalo mlango wake umefungwa. Wasemaji wengi hawafuati tofauti hiyo, na walimu wetu wenyewe huichanganya wakiwa nje ya darasa. Tuifuate hapa, maana tunazungumza juu ya mlango uliofungwa tangu mwaka 1982.

«Brown asingalitoa pasi ile, Georgetown wangalipata nafasi ya mwisho.» Kweli. «Ewing asingaligusa mipira ile mwanzoni, North Carolina wasingalipata alama zile.» Kweli pia. Patrick Ewing, kijana wa mwaka wa kwanza, alianza mechi kwa kuizuia mipira iliyokuwa tayari inashuka kuelekea kikapuni, na sheria huihesabu mipira ya namna hiyo kana kwamba imeingia. Alama nane za kwanza za North Carolina zilipatikana hivyo. Wanaomtetea wanajibu kwamba alikuwa akiwatisha wapinzani, na kwamba wengi wao baadaye waliogopa kukaribia. «Jordan angalikosa...» Kweli tena. Na mtu wa North Carolina naye anaweza kusema: «Worthy angaliingiza mitupo yake ya adhabu, tusingalikuwa na la kubishania.»

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tofauti ikiwa alama moja, karibu kila sentensi ya -ngali- inayogusa kikapu kimoja, popote katika mechi, hutosha kuyageuza matokeo. Kwa hiyo kila mshabiki anashika ncha yake ya kweli, na hakuna anayeweza kumwonyesha mwenzake kwamba amekosea. Mabishano hayafi, ingawa wote wamefahamu yaliyotokea. Timu ikishindwa kwa alama 25, sentensi hizo zinakauka. Hakuna pasi moja inayolipa alama 25. Mashabiki wanaacha kuzungumzia matendo, wanaanza kuzungumzia watu: hatukuwa na mrefu, hatukuwa na mtupaji. Kwa maneno mengine, kushindwa kwa mbali huzungumzwa kwa nomino na vivumishi. Kushindwa kwa karibu huzungumzwa kwa vitenzi.

Hata hivyo kikosi hurudi kwa mlango wa nyuma. Mshabiki aliyechoshwa na masharti husema: «Tuache hayo, wao walikuwa na watu.» Watu gani? Worthy alipata alama 28 usiku ule kwa kuingiza mitupo 13 kati ya 17, na miezi michache baadaye alichaguliwa wa kwanza kabisa kuingia NBA. Jordan alipata 16. Sam Perkins alikuwapo pia. Upande wa pili Ewing alikuwa na alama 23 na Floyd 18. Tukumbuke kwamba wakati ule vyuo vikuu havikuwa na mstari wa alama tatu wala saa ya kuilazimisha timu itupe mpira, kwa hiyo wachezaji wa chini ya kikapu walikuwa na thamani kubwa kuliko leo. Kwa kipimo hicho vikosi vilikaribiana sana.

Ila kuna mtego wa njeo katika hoja ya kikosi. Anayesema leo «North Carolina walikuwa na Jordan» anaweka kiambishi cha wakati uliopita, -li-, lakini jina lenyewe limebeba mambo yaliyokuja baadaye: mataji sita ya NBA, viatu, sanamu. Mwezi Machi 1982 jina hilo lilikuwa na maana ndogo zaidi. Mlinzi wa Georgetown hakumkabili Jordan tunayemjua. Alimkabili mwanafunzi wa miaka 19 mwenye mtupo wa mita tano hivi.

Mashabiki wa Georgetown wa wakati huo walikuwa na njeo nyingine mkononi, ile ya sasa. Mchezaji wa chuo kikuu hukaa kwa kawaida miaka minne tu, kwa hiyo kila kikosi kinazungumzwa kwa vitenzi viwili: ameondoka, bado yuko. Floyd alikuwa anamaliza. Ewing bado yuko, miaka mitatu mbele. Brown naye bado yuko. Mwaka 1984 Georgetown walishinda fainali kwa alama 84 dhidi ya 75 za Houston ya Hakeem Olajuwon, na Thompson akamkumbatia Brown tena.

Mwaka 1985 walishindwa fainali nyingine, mara hii na Villanova, 66 kwa 64. Linganisha sasa. Tofauti ilikuwa alama mbili tu, lakini masharti ni machache, na kauli inayotawala katika masimulizi ni ya kutenda: Villanova walishinda. Sababu yake iko katika takwimu: Villanova waliingiza mitupo 22 kati ya 28. Timu inayotupa namna hiyo inajipatia nafasi ya kiima yenyewe, na mshabiki wa Georgetown hana pasi ya kushika wala kijana wa kunyoshea kidole.

Upande wa mshindi wa chupuchupu kuna umbo lake pia, ambalo halijadiliwi sana darasani: nusura pamoja na dhamira tegemezi. Machi 1989, Mutombo akiwa tayari katika kikosi, Georgetown walikutana na Princeton, timu iliyowekwa ya mwisho kwa ubora katika kundi lao. Princeton waliongoza 29 kwa 21 wakati wa mapumziko. Mwishoni Georgetown walikuwa na alama 50 na Princeton 49, na Alonzo Mourning akaizuia mitupo ya mwisho. Mshabiki wa Georgetown alitoka na sentensi fupi, «nusura tushindwe», yenye tu- isiyo na aibu. Sentensi zote za -ngali-, safari hii, walibaki nazo Princeton.