Bima ya Maisha Imekataliwa? Usirudi Nyumbani Mikono Mitupu

Ukishuka matatu Dagoretti Corner, kitu cha kwanza kukusalimia ni harufu ya vanishi. Vitanda, makochi na makabati yamepangwa kando ya Ngong Road, na nyuma yake mafundi wanapiga randa tangu asubuhi. Jirani yetu mmoja alikuwa fundi hapo. Kila tarehe 5 alikuwa akilipia bima ya maisha kwa simu, Sh850, halafu anarudi kwa kazi yake. Bima ilikuwa ya Sh400,000, na mnufaika alikuwa mkewe.

Alipofariki, mkewe alipeleka cheti cha kifo, kitambulisho na mkataba kwa kampuni ya bima. Wiki tatu baadaye akapigiwa simu: "Pole sana mama, lakini hii bima ilikufa miezi minne iliyopita. Mzee aliacha kulipa."

Mama alijua mzee hakuacha kulipa. Shida ilikuwa kuthibitisha. Na watoto wawili walikuwa nyumbani wakingojea karo.

Wengi wakifika hapo hukata tamaa. Wanaona kampuni ni kubwa, ina mawakili, nao hawana hata nauli ya kuzunguka. Lakini kukataliwa mara ya kwanza si mwisho wa mambo. Kuna hatua unazoweza kuchukua, na nyingi hazihitaji pesa.

Kwanza, jua umekataliwa kwa nini

Usikubali jibu la simu peke yake. Omba barua inayosema sababu ya kukataa na kipengele cha mkataba kinachotegemewa. Mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi nne:

1. Bima ilikufa kwa sababu malipo hayakufika.
2. Marehemu hakueleza ukweli wote alipojaza fomu, kwa mfano kuhusu ugonjwa aliokuwa nao.
3. Kifo kilitokea ndani ya kipindi cha kungoja, au kwa njia ambayo mkataba haulipii.
4. Stakabadhi hazijakamilika, au jina la mnufaika lina utata.

Kila sababu ina dawa yake. Ya nne mara nyingi huisha kwa kuleta karatasi iliyokosekana. Kwa ya tatu, soma mkataba wenyewe, usitegemee maneno ya ajenti. Ya pili ndiyo ngumu zaidi. Sheria ya bima imejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu, kanuni ambayo majaji wa Uingereza waliiweka wazi tangu mwaka 1766 katika kesi ya Carter v Boehm. Kanuni hiyo inabana pande zote mbili. Kwa hivyo omba nakala ya fomu ambayo marehemu alijaza. Je, swali hilo la ugonjwa liliulizwa kweli? Ni yeye aliyejaza, au ajenti alijaza akamwambia atie sahihi tu? Hayo ni maswali ambayo wakili atataka majibu yake.

Simu yako ni shahidi

Tukirudi kwa yule mama, tatizo lake lilikuwa namba moja tu. Alifika katika kituo cha huduma kwa wateja akiwa na cheti cha kifo, vitambulisho na hati za kuonyesha uhusiano wao, akaomba taarifa ya miamala ya laini ya marehemu. Walipoipitia mstari kwa mstari, malipo yote yalikuwepo. Sh850, tarehe 5, kila mwezi. Lakini miezi minne ya mwisho, namba ya akaunti ilikuwa tofauti. Mzee alikuwa amepoteza simu, akanunua nyingine, akaandika namba ya bima kwa kichwa. Mahali pa 6 akaweka 9.

Yaani pesa ilifika kwa kampuni, lakini ikaingia kwa bima ya mtu mwingine.

Ndiyo maana tunasema usidharau ujumbe wa malipo. Kila muamala una namba yake ya kipekee, tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Hata kama ulifuta ujumbe, taarifa ya miamala ipo. Omba ya kipindi chote cha bima, ichapishe, kisha weka alama kwa kila malipo ya bima.

Na tafadhali: usiingie kwa laini ya marehemu kwa kutumia PIN yake, hata kama unaijua. Inaweza kukuletea matatizo ya kisheria wakati ambapo unahitaji kuonekana msafi. Fuata njia rasmi.

Hatua zisizo na gharama

Andika barua ya malalamiko kwa kampuni yenyewe. Iwe fupi: namba ya bima, tarehe ya kifo, sababu waliyokupa, na kwa nini hukubaliani nayo. Ambatanisha nakala, usitoe hati asili. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa.

Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA), ambayo ofisi zake ziko Zep-Re Place, Longonot Road, Upper Hill. Kutoka Dagoretti Corner ni upande wa kuelekea mjini. Huduma hiyo hailipiwi. Mamlaka huitaka kampuni ijieleze, na kampuni hujibu tofauti inapoulizwa na anayeipa leseni.

Ukihitaji wakili

Wakazi wa upande huu wa Nairobi wana bahati, maana misaada mingi ya kisheria iko karibu. Kituo Cha Sheria, ambacho kimekuwa kikisaidia wasiojiweza tangu mwaka 1973, kiko Ole Odume Road, Kilimani. FIDA Kenya, inayosaidia wanawake, iko Lavington. Kuna pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Uliza mapema kama wanashughulikia kesi za aina yako, na beba faili yote siku ya kwanza.

Ukiamua kumlipa wakili, zingatia mambo mawili. Kwanza, hakiki jina lake kwa Chama cha Mawakili Kenya (LSK). Mwaka 2023 chama hicho kilimfichua mtu aliyekuwa akijifanya wakili, kwa hivyo suti na tai si ushahidi. Pili, ukiambiwa "usilipe kitu, tukishinda ndio unilipe", shtuka kidogo. Sheria ya Mawakili ya Kenya haitambui makubaliano ya kesi ambapo malipo yanategemea ushindi peke yake. Kubalianeni ada kwa maandishi, na ulipe kwa njia inayoacha rekodi.

Kama fidia haizidi Sh1 milioni, muulize wakili kama dai lako linaweza kuingia Mahakama ya Madai Madogo. Huko unaweza kujiwakilisha, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Lakini usikae sana. Kwa kawaida kesi ya mkataba lazima ifunguliwe ndani ya miaka 6 tangu haki yako ikiukwe. Miaka hiyo huisha haraka ukiwa unaambiwa "rudi wiki ijayo".

Jihadhari na wanaowinda waliofiwa

Hakuna "ada ya kuachilia fidia" inayotumwa kwa namba ya mtu binafsi. Ukipigiwa simu na mtu anayejiita afisa wa bima, anajua jina la marehemu na anataka Sh3,500 "ili faili isonge", kata simu. Kisha piga namba iliyo kwenye mkataba wako. PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa anatoka kwetu.

Fanya haya leo, dakika kumi tu

- Linganisha namba ya akaunti unayolipia na ile iliyo kwenye mkataba, tarakimu kwa tarakimu.
- Piga simu kwa kampuni, uulize malipo yako ya mwisho yalionekana lini.
- Mwambie mnufaika kuwa bima ipo, na mkataba umewekwa wapi.
- Kama unashuku kuna mzazi au ndugu aliyeacha bima ambayo haikudaiwa, piga *361# uulize Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa (UFAA).

Jirani yetu alilipwa. Barua ya kwanza kampuni ilijibu kwamba "kosa ni la mteja". Alipopeleka malalamiko kwa mamlaka pamoja na ile taarifa ya miamala, jina na namba ya simu ya mzee zikiwa kwenye kila malipo, kampuni ilihamisha zile Sh3,400 hadi kwa bima yake na kukubali dai. Ilichukua miezi saba. Mtoto mkubwa alikosa muhula mmoja, na huo hakuna aliyemrudishia.

Tarakimu moja iliwagharimu hivyo. Kwa hivyo kabla hujaweka simu mfukoni, fungua ujumbe wa malipo yako ya mwisho ya bima. Soma ile namba tena.