Kasulo: mtoto akikabwa kwenye materneli, nani anajua la kufanya?

Ni saa nne ya asubuhi, wakati wa kula. Mtoto wa miaka mitatu anaweka kalanga kinywani huku anakimbia na kucheka. Mara sauti inakatika. Hakohoi, halii, na midomo inaanza kubadilika rangi. Mwalimu wake ana dakika chache tu, kwa sababu ubongo ukikosa hewa kwa dakika nne ao tano, unaanza kuharibika. Kutoka Kasulo mpaka hospitali kuu ya Mwangeji, hata na pikipiki ya mbio, dakika hizo zinaweza kuisha njiani.

Ndiyo maana jambo hili si la munganga peke yake. Linamhusu mwalimu, mama anayepika, mlinzi wa lango, na pia mzazi anayelipa minervali. Kwenye masomo ya watoto wadogo, ni nani aliyejifunza kutoa msaada wa kwanza?

Diploma na breve si kitu kimoja

Sheria ya elimu ya Kongo, namba 14/004 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014, inapanga materneli kuwa ya miaka mitatu, kabla ya shule ya msingi. Masomo bila malipo yaliyoanza mwezi wa tisa 2019 ni ya shule ya msingi. Kwa materneli wazazi wengi bado wanalipa, na mwenye kulipa ana haki ya kuuliza.

Wengi wanauliza kama mwalimu ana diploma ya pedagojia. Ni swali zuri, lakini diploma hiyo inaonyesha kwamba mtu anajua kufundisha. Breve ya msaada wa kwanza inaonyesha kitu kingine: kwamba mtu alikaa kwenye mafunzo, akafanya mazoezi juu ya mdoli, akapimwa, na anajua la kufanya mbele ya munganga kufika. Tena breve hiyo ina mwisho wake. Mikono inasahau, kwa hiyo mtu anarudia mafunzo kisha miaka fulani.

Nchi zingine zimeandika jambo hili ndani ya sheria zao. Uingereza, kila nyumba ya kulelea watoto inapaswa kuwa na mtu mwenye breve ya msaada wa kwanza kwa watoto, saa zote watoto wapo. Akitembea na watoto, mtu wa namna hiyo anatembea nao. Mafunzo kamili ni saa 12, na breve inarudiwa kila miaka 3. Mwaka 2012 mtoto mchanga mmoja alikabwa na chakula kwenye nyumba ya namna hiyo akafa, na wazazi wake wakapigania jambo hilo kwa miaka. Sasa mfanyakazi mpya mwenye diploma anapewa miezi 3 kupata breve. Bila hiyo hahesabiwi kati ya watu wazima wanaolinda watoto. Australia nayo inaomba mtu mwenye mafunzo awepo saa zote, na inaongeza mafunzo juu ya asma na aleji kali.

Neno kubwa hapo ni "saa zote". Kama mwenye breve ni direkta peke yake, na leo direkta ameenda benki, basi leo masomo hayana mtu.

Kasulo ina hatari zake

Kila materneli inaogopa kuanguka, kuungua na kukabwa. Kasulo ina mengine juu yake. Mwaka 2014 mtu mmoja alichimba ndani ya parseli yake akakuta mawe ya kobalti. Toka hapo mashimo yakafunguliwa chini ya nyumba, ndani ya viwanja na pembeni ya barabara. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na familia mamia zikahamishwa, lakini wengine wanaendelea kuishi karibu na machimbo. Uchunguzi wa Universite ya Lubumbashi na ile ya Leuven, Ubelgiji, uliotolewa mwaka 2018, ulipima wakaaji 72 wa Kasulo, watoto 32 wakiwa kati yao. Watoto ndio walikutwa na kobalti nyingi zaidi ndani ya mkojo.

Vumbi hiyo inaumiza pole pole. Kuipunguza ni kazi ya kila siku: kunawa mikono kabla ya kula, kumwaga maji mbele ya kufagia, kuosha matunda. Lakini kuna hatari ambazo hazingoji: shimo lisilofunikwa, lori, mbabula iliyoachwa chini, petroli ao asidi iliyowekwa ndani ya chupa ya juisi.

Juu ya shimo, mafunzo yanasema jambo ambalo moyo wa mtu unakataa: usishuke mbio mbio. Ndani hewa inaweza kuwa kidogo na kuta zinaweza kuanguka, na mwokozi akawa maiti ya pili. Ita watu wenye kamba na vyombo, zuia wengine wasikaribie, na uhesabu watoto waliobaki.

Mikono ya mwalimu ifanye nini

Mtoto aliyekabwa. Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kama sauti imekatika, mwinamishe mbele, umpige mara 5 kati ya mabega kwa kisigino cha mkono. Ikishindikana, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute kwa ndani na kwa juu mara 5, kisha urudie tena mgongo. Mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja analazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, anapigwa mgongo mara 5, kisha anageuzwa na kusukumwa katikati ya kifua mara 5. Huyo hakamuliwi tumbo. Usiingize kidole kinywani kutafuta kitu usichokiona, kwa maana unaweza kukisukuma ndani zaidi.

Mtoto aliyeungua. Maji safi ya baridi yamwagike juu ya kidonda kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta, yai na unga vinafunga moto ndani na kuleta uchafu. Kama ni asidi, vua nguo haraka, linda mikono yako, na mwaga maji mengi sana bila kusugua. Watu wa Lualaba hawajasahau kijiji cha Kabwe, ambako mwezi wa pili 2019 lori la asidi lilianguka na kuua watu zaidi ya kumi.

Mtoto mwenye degedege. Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya karibu, angalia saa. Usiweke kijiko kinywani, usimshike kwa nguvu, usimpe maji. Ikipita dakika 5, ni hatari kubwa. Hata ikiisha mapema, apelekwe santre ya afya siku ile ile, kwa sababu homa inaweza kuwa malaria.

Mtoto aliyekunywa petroli ao soda kostike. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya ngazi. Mpeleke hospitali pamoja na ile chupa.

Kuna sehemu moja ambayo haijifunzwi kwa kusoma: mtoto ambaye hapumui tena. Kusukuma kifua mara 30 na kupuliza hewa mara 2 kunaomba mikono iliyofanya mazoezi na mtu wa kukusahihisha. Hapo ndipo breve inaonyesha bei yake.

Masomo yaanzie wapi

Watu wawili ni afadhali kuliko mmoja. Wa kwanza anasaidia mtoto, wa pili anapiga simu na kutoa watoto wengine nje. Mama wa jikoni na mlinzi wanaweza kufundishwa pia. Mara nyingi wao ndio wanakaa miaka mingi, wakati walimu wanabadilika.

Msalaba Mwekundu wa Kongo, Croix-Rouge, unafundisha wasekuristi. Siku ya dunia ya msaada wa kwanza ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa, mwanzo kabisa wa mwaka wa masomo, wakati mzuri wa masomo mawili ao matatu ya mtaa kuungana na kugawana bei ya mafunzo. Tena Kolwezi si mji ambao haujui neno sekuriste: kampuni kubwa za madini zina watu wao waliofundishwa. Mzazi anayefanya kazi huko anaweza kuwa daraja. Kama wale wanaochimba shaba wana mtu wa kuwasaidia, watoto wao nao wawe naye.

Mzazi, siku ya kuandikisha mtoto, uliza maswali haya:

– Nani ana breve ya msaada wa kwanza, na inaisha lini?
– Akikosekana, nani anashika nafasi yake?
– Sanduku la dawa liko wapi, na nani analitazama kila mwezi?
– Namba za wazazi na za santre ya afya zimebandikwa wapi?
– Mtoto akiumia, nani anampeleka, na kwa pikipiki ao gari ya nani?

Mwalimu asichukie maswali hayo. Anayeuliza hamtukani. Minervali inaulizwa kila mwezi bila haya, na jina la mwenye breve nalo liulizwe hivyo hivyo, mbele ya siku ya kalanga kufika.